Msikiti wa mbao wa Kampung Laut: naomba mwongozo kabla ya kuuzuru

Katibu wa Kano (Kisumu)

Assalamu alaikum, ndugu na dada wa jukwaa hili. Mwezi wa Septemba, Mwenyezi Mungu akipenda, nitasafiri kwenda Malaysia kuhudhuria mahafali ya binti yangu, na nimejaliwa siku tano za ziada ambazo sitaki kuzimaliza katika maduka ya Kuala Lumpur. Nimesoma habari za Masjid Kampung Laut, msikiti wa mbao ulio katika jimbo la Kelantan, kaskazini-mashariki mwa rasi ya Malaysia, ambao ulifumuliwa mwaka 1968 na kuhamishwa kwa sababu ya mafuriko, kisha zaidi ya miaka hamsini baadaye ukafumuliwa tena na kurudishwa kando ya mto ule ule ulioutorosha. Nataka kwenda kuuona kwa macho yangu, ila sina hakika nikifika niangalie nini.

Nieleze kwa nini nauliza. Huku kwetu kando ya ziwa, upande wa Kano, tuna msikiti mdogo tulioachiwa na wazee, wenye kuta za mbao, nguzo za mvule na paa la mabati ambalo limepigwa rangi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwezi wa Mei mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipojaa hadi kukipita kimo cha mwaka 1964, ambacho wazee wetu walikuwa wakikitaja kama mwisho wa ghadhabu ya maji, tuliingia msikitini maji yakitufika magotini na tukaipitisha misahafu dirishani. Tangu siku hiyo maji yamekwisha kurudi, na kila yakirudi hukaa muda mrefu zaidi.

Sasa kamati, ambayo mimi ni katibu wake, imepata kiwanja mahali palipoinuka, na amejitokeza mfadhili wa kutujengea msikiti wa mawe. Pendekezo lililo mezani ni kuubomoa ule wa zamani, mbao ziuzwe kwa yeyote atakayezitaka na mabati wagawiwe wajane. Sijasema nakubali wala sijasema nakataa. Hata hivyo, mzee wetu mmoja, ambaye kwa kawaida husinzia mikutanoni, aliinua kichwa akasema kwamba tukitafuta msumari katika nguzo zile hatutauona hata mmoja, kisha akarudi kusinzia. Neno hilo limenikosesha usingizi.

Naomba basi mnisaidie kwa mambo matatu yanayoshikana: njia ya kufika Kampung Laut, mambo ya kuchunguza nikiwa pale kama mtu anayetaka kujifunza na si kupiga picha tu, na hukumu ya kuuhamisha msikiti, kwa sababu baadhi ya wajumbe wetu wanashikilia kwamba msikiti hauhamishwi, mwisho wa maneno.

Mhitimu wa Kakamega

Waalaikumu salaam, Katibu. Nilisoma Malaysia kwa miaka minne na msikiti huo nimeuona mara mbili katika makao yake mawili tofauti, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kukujibu kwa kirefu.

Nianze na safari. Siku tatu kabla ya kutua, utajaza kadi ya kuingilia ya kidijitali kwenye intaneti, nayo haina malipo, hivyo ukikuta tovuti inayokudai pesa, jua umepotea njia. Kutoka Kuala Lumpur hadi Kota Bharu, mji mkuu wa Kelantan, ndege huchukua saa moja hivi. Basi la usiku huchukua saa nane au zaidi, na kuna pia gari moshi la msituni linalotoka Gemas upande wa kusini na kuishia Tumpat, ambalo halina haraka ya aina yoyote. Kituo cha karibu na Kota Bharu kinaitwa Wakaf Bharu. Sisi tuliokulia kando ya reli inayoishia Kisumu hatupaswi kuikosa safari ya namna hiyo, lakini kwa siku tano ulizonazo nakushauri uende kwa ndege na urudi kwa gari moshi kama bado una nguvu.

Kampung Laut iko ng'ambo ya Mto Kelantan, ikitazamana na Kota Bharu. Unaweza kuzunguka kwa barabara kupitia daraja la Sultan Yahya Petra, lakini mimi nakusihi uvuke kwa boti, kwa kuwa ukiwa katikati ya ule mto mpana, wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, ndipo unapoelewa kisa chote bila kusimuliwa. Mto huo ndio uliokuwa ukimega ukingo mwaka baada ya mwaka. Mafuriko makubwa ya mwaka 1926, ambayo watu wa kule huyaita mafuriko ya maji mekundu, yaliuacha msikiti umedhoofika, na yale ya mwishoni mwa 1966 na mwanzoni mwa 1967 yakawalazimisha watu waamue. Chama cha Historia cha Malaysia ndicho kilichosimamia kazi ya kuufumua na kuupeleka Nilam Puri, bara kidogo kusini mwa Kota Bharu, karibu na chuo cha elimu ya dini, na mwaka 1970 ukakabidhiwa serikali ya jimbo.

Mimi nilipouona mara ya kwanza ulikuwa Nilam Puri. Nakiri kwamba nilikuta jengo zuri lililonyamaza. Barabara ilikuwa mbele yake na mto haukuonekana popote, ukajiuliza kwa nini watu wa nchi kavu wajenge msikiti wenye sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo. Mara ya pili, baada ya kurudishwa mtoni, swali hilo lilikuwa halipo tena. Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulichunguze: simama ukingoni, tazama maji, kisha tazama sakafu, na upime kwa jicho umbali kati ya viwili hivyo.

Kuhusu umri wake usitarajie jibu moja. Wapo wanaourudisha nyuma hadi karne ya 15, na wapo watafiti wanaosema jengo tunaloliona ni la karne ya 18. Masimulizi ya wenyeji yanawahusisha wahubiri waliokuwa wakisafiri kwa jahazi kati ya Champa (katika Vietnam ya leo), Pattani (kusini mwa Thailand ya leo) na kisiwa cha Java, Indonesia, ambao chombo chao kilitoboka baharini wakaweka nadhiri kwamba wakinusurika watajenga msikiti popote watakapofika nchi kavu. Inasimuliwa kwamba ulianza na nguzo nne tu na paa la makuti, ukakua kadiri ya watu walivyoongezeka, hadi ukafikia nguzo ishirini, mnara wa muadhini na sakafu ya mbao nzito. Paa lake lina ngazi tatu, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyo chini yake, na halina kuba. Mtu aliyezoea kuba za misikiti yetu ya mjini hudhani ameelekezwa vibaya. Umbo hilo ni la udugu na Msikiti Mkuu wa Demak, kule Java, wa karne ya 15, ambao nao umebebwa na nguzo nne kuu katikati.

Mambo madogo ya adabu: Kelantan ni jimbo linaloshika dini, wenyewe huliita baraza la Makka, yaani veranda yake, kwa hiyo vaa kwa heshima hata ukiwa sokoni. Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo kama unataka kuzungumza na mtu wa ofisi yoyote, panga kuanzia Jumapili hadi Alhamisi. Binti yako akifuatana nawe, atakuta kinamama wakisali wakiwa wamevaa telekung, vazi jeupe pana linalofunika mwili wote isipokuwa uso, na misikiti mingi huweka ya kuazima. Septemba ni mwezi mzuri, kwa kuwa mvua kubwa za pepo za kaskazini-mashariki huanza Novemba. Usijitie wasiwasi wa lugha pia: utawasikia wakisema masjid, waktu, dunia, kertas, na utaelewa kabla hujajua kwamba umeelewa.

Ukiwa Kota Bharu pita pia Istana Jahar, jumba la kifalme la mwaka 1887 ambalo sasa ni makumbusho, ukaone kazi nyingine ya maseremala wa huko. Halafu nenda soko la Siti Khadijah, ambako wanawake ndio wenye biashara. Ukilikosa hutasamehewa na mkeo.

Fundi wa Kibuye

Katibu, mimi ni seremala, na meza yangu haiko mbali na soko la Kibuye. Sijafika Malaysia. Neno la yule mzee wenu, hata hivyo, nimelielewa vizuri sana, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuongoza mambo yote mengine, hata safari yako.

Jengo lililopigiliwa misumari halifumuliki, linabomoka. Ukiing'oa misumari kwa mtaimbo, mbao hupasuka kwenye ncha, na ncha ndipo nguvu ya ubao ilipo, kwa hiyo katika kila mbao kumi utapoteza nyingi na zitakazobaki zitakuwa fupi. Jengo lililofungwa kwa ulimi na tundu ni jambo jingine kabisa. Nguzo imechongwa ulimi kichwani, boriti imetobolewa tundu la kuupokea ulimi huo, kisha kigingi cha mti mgumu kimepitishwa kati yake, au kabari imegongwa pembeni kukaza. Ukitaka kulifungua unaanza na kile kilichowekwa mwisho, unagonga kigingi kutoka upande wa pili, unalegeza kabari, na kiungo kinaachia kama kilivyokubali kuingia. Fundi aliyelijenga amekuachia ndani ya jengo lenyewe maelezo ya namna ya kulifungua.

Msikiti wa Kampung Laut unajulikana kwa kujengwa hivyo, pasipo misumari ya chuma, kwa mti wanaouita cengal. Huo ni miongoni mwa miti migumu na mizito zaidi ya misitu ya Malaysia, na mchwa hauwezi. Sababu ya kwamba uliwezekana kuhamishwa mara mbili bila kuwa rundo la kuni haiko kwenye mashine wala fedha, iko katika mti na katika kiungo. Linganisheni na hekalu la Abu Simbel nchini Misri, ambalo lilihamishwa kati ya 1964 na 1968, miaka ile ile, kulikimbiza ziwa la bwawa la Aswan. Lile lilikuwa la jiwe, limechongwa ndani ya mlima, na hapakuwa na njia ila kulikata kwa msumeno vipande zaidi ya elfu moja na kulipandisha mita 65 juu. Kazi ya ajabu, sikatai, lakini jiwe lilijeruhiwa ili lisafiri. Ubao wenye ulimi hausafiri na jeraha.

Kwa hiyo ukifika kule usianze na nakshi, maana nakshi humvuta kila mgeni. Chuchumaa chini ya sakafu kama wanaruhusu, utazame mguu wa nguzo umekaliaje jiwe au zege, kwa sababu nguzo huozea pale inapogusa unyevu, na jengo lililohamishwa kwa kawaida hufupishwa miguu au kuungwa miguu mipya. Kisha inua macho mahali nguzo inapokutana na boriti. Tafuta tofauti ya rangi ya mbao. Mbao mpya huonekana, na fundi mwaminifu haifichi. Mwisho, uliza kama zipo kumbukumbu za namna vipande vilivyotiwa alama, kwa kuwa kila kazi ya kufumua jengo huanza na alama, na hapo ndipo utakapojifunza jambo la kurudi nalo nyumbani. Jengo dogo kama lenu lina vipande mia kadhaa, na mtu akikudanganya kwamba atavikumbuka kwa kichwa, muombe arudi kwake.

Nina maswali kabla sijasema zaidi. Nguzo zenu ni ngapi? Je, mmewahi kuona kichwa cha nguzo pale inapobeba boriti, au kumefunikwa na dari? Nazo kuta, mbao zake zimesimama wima au zimelala?

Katibu wa Kano (Kisumu)

Nakushukuru, Fundi. Leo baada ya alasiri nilipanda ngazi nikaondoa ubao mmoja wa dari. Nguzo ni kumi na mbili, na zile nne za katikati ni nene kuliko nyingine, sikuwa nimewahi kuligundua hilo katika miaka yote niliyosali pale. Vichwa vyake vimeingia ndani ya boriti, na kuna vigingi viwili vya mti kila mahali nilipoweza kufika. Kuta ni mbao zilizolala, na hizo zimepigiliwa misumari, tena mingi, nyingine ikiwa ya juzi juzi. Kenchi za paa sikuziona vizuri kwa ajili ya popo.

Ustadhi wa Mumias

Nimelifuatilia swali lenu kwa makini, na nitajibu sehemu ya hukumu kadiri ya elimu yangu ndogo. Huu usiwe mbadala wa kumuuliza kadhi wenu, maana kila wakfu una masharti yake na mimi sijausoma wenu.

Wajumbe wanaosema msikiti hauhamishwi hawajasema neno lisilo na asili. Sisi wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ni makali katika jambo hili: ardhi iliyowekwa wakfu kuwa msikiti hubaki kuwa msikiti, haiuzwi wala hairithiwi, hata kuta zikianguka. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wametofautisha kati ya ardhi na jengo. Msikiti ukihofiwa kuanguka au kuharibika, wamesema unaweza kufumuliwa na vifaa vyake vikahifadhiwa, na kadhi akiona ni maslahi, vikajengewa msikiti mwingine, na ulio karibu ni bora kuliko ulio mbali. Ndugu zangu, watu wa Kelantan nao ni Washafii kama sisi. Walipouhamisha msikiti wao hawakutoka nje ya fikihi yao.

Kwa Wahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, mlango ni mpana zaidi, na hoja yao moja ni kisa cha mji wa Kufa, ulioko Iraki. Imepokewa kwamba hazina ya mji huo ilipotobolewa na mwizi, Khalifa Umar bin al-Khattab, Mungu amuwie radhi, alimwandikia gavana wake, Saad bin Abi Waqqas, auhamishe msikiti na kuiweka hazina upande wa kibla chake, kwa kuwa msikitini hakukosi mtu anayesali. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha hali ya msikiti hai: unalinda, kwa vile una watu.

Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na pendekezo la kamati yenu. Mbao za msikiti na mabati yake ni mali ya wakfu. Kuziuza kwa yeyote na kugawa mabati kwa wajane, ingawa nia ni ya kheri, kunahitaji idhini na hoja, na mwanzo wa hoja ni kuthibitisha kwamba haziwezi kutumika katika msikiti mwingine. Sasa Katibu ameona mwenyewe kwamba zinaweza. Ardhi ya zamani nayo, hata ikikaa chini ya maji, msiiache ikageuka mahali pa kutupia taka.

Neno la mwisho ni la kibla. Jengo likihama hata kilomita chache, msilikalishe kwa mazoea, maana zege likikauka hakuna wa kuligeuza. Watu wa Kelantan huelekea magharibi, wakipinda kidogo kaskazini. Sisi wa magharibi mwa Kenya huelekea kaskazini, tukipinda mashariki kwa takriban digrii 13. Njia rahisi na ya uhakika ni kivuli: tarehe 28 Mei saa sita na dakika kumi na nane mchana kwa saa zetu, na tena tarehe 16 Julai saa sita na dakika ishirini na saba, jua huwa juu kabisa ya Makka. Simamisha mti ulionyooka, na kivuli chake kitaelekea kinyume cha kibla. Piga vigingi viwili mstarini, viache pale mpaka siku ya msingi.

Mpita Njia

Naomba radhi kwa kuingilia, mimi si wa msikiti wenu wala wa wowote. Nimesoma hapo juu kwamba mbao mpya zilichanganywa na za zamani. Baada ya kuhamishwa mara mbili na kubadilishwa vipande, kuna nini hasa kilichobaki cha kale? Isije mtu akasafiri nusu ya dunia kwenda kutazama nakala. Halafu, kwa fedha za kufumua na kujenga upya, si mngepata zahanati?

Fundi wa Kibuye

Swali la haki, nami nitalijibu nusu, maana la zahanati ni la wenye fedha. Mpini wa randa yangu nimeubadilisha mara mbili na ulimi wake mara nne, na bado ni randa aliyonipa baba. Lakini sitaki kukukimbia kwa mfano. Kwenye Msikiti wa Demak, nguzo zilipofanyiwa matengenezo katika miaka ya 1980, sehemu kuukuu zilizotolewa hazikutupwa, ziliwekwa katika jumba la makumbusho hapo hapo uwanjani, na mgeni huonyeshwa ya zamani na mpya. Huko ndiko kukuambia kweli. Nakala ni pale mtu anapotupa vyote, akajenga kwa zege, akalipaka rangi ya mbao. Mimi nikilifumua la Kano, kila ubao mpya nitauchoma mwaka wake kwa chuma cha moto upande wa ndani, asiyejua aone.

Bi Mkubwa wa Bondeni (Nakuru)

Wanangu, nimesoma yote na nimeona wanaume mnazungumza vizuri juu ya nguzo na boriti. Niruhusuni niongeze habari ya msikiti mwingine uliohamishwa, ingawa kwa nje huo ni wa matofali, kwa kuwa nadhani utamfaa Katibu katika lile linalomkabili kabla hajafika kwenye vigingi, yaani watu.

Msikiti wa Al Rashid ulioko Edmonton, Kanada, ulifunguliwa Desemba 1938, nao ndio msikiti wa kwanza kujengwa katika nchi hiyo. Mwanamke mmoja aitwaye Hilwie Hamdon aliongozana na wenzake kwenda kwa meya kuomba kiwanja, kisha wakapita duka kwa duka katikati ya mji, kwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi, kipindi ambacho mdororo wa uchumi ulikuwa haujaacha senti mfukoni mwa mtu. Aliyeujenga alikuwa mkandarasi wa asili ya Ukraine ambaye hakuwa amewahi kujenga msikiti, ndiyo maana ukiutazama una harufu kidogo ya kanisa la kwao. Abdullah Yusuf Ali, yule mfasiri mashuhuri wa Kurani kwa Kiingereza, alikuwepo kwenye ufunguzi.

Jumuiya ilipokua ikajenga msikiti mkubwa mahali pengine, na ule wa zamani ukabaki ukingoja tingatinga. Waliosimama kuuokoa ni wanawake tena, wa tawi la Edmonton la Baraza la Wanawake Waislamu wa Kanada. Walikusanya fedha, wakavumilia maneno ya waliosema haifai, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 jengo likasafirishwa hadi Fort Edmonton Park, uwanja wa historia ambako hadi leo wageni huingia na kusimuliwa.

Sasa nakuuliza, Katibu: katika kamati yenu kuna wanawake wangapi? Mmewauliza waliokuwa wakipika futari nyuma ya msikiti huo wanataka nini? Na mfadhili wenu, mmemwambia kwamba kipo kitu cha kuokoa, au mmemwonyesha kiwanja kitupu tu? Huku kwetu Nakuru nimeshuhudia nyumba za mbao na mabati zikitoweka mtaa baada ya mtaa, na kila mara aliyesema "laiti" alisema baada ya lori kuondoka.

Katibu wa Kano (Kisumu)

Bi Mkubwa, shikamoo. Wanawake katika kamati hawapo hata mmoja, na nimeona aibu kuandika hivyo. Wawili wamealikwa kwenye kikao cha Jumapili, mmoja wao akiwa ni yule anayeshika funguo za stoo tangu nikiwa mtoto.

Nimempigia simu mfadhili. Hakukasirika, aliniuliza tu kama zile nguzo nne za katikati zinaweza kusimama ndani ya msikiti mpya wa mawe na kubeba paa lake. Sikuwa na jibu. Nimemwomba anisubiri nirudi kutoka Kelantan, naye amekubali hadi Oktoba. Ustadhi, kuhusu kadhi tumekwisha kuandika barua. Tarehe ya kivuli ya mwaka huu imetupita, hivyo tutangoja ya Mei ijayo, na nadhani kungoja huko hakutatudhuru. Mhitimu, nitavuka kwa boti kama ulivyoshauri.

Fundi, ombi langu kwako ni kubwa kidogo. Je, unaweza kuja Kano siku moja kabla sijasafiri, tupande juu pamoja, ili nikifika kule niwe najua ninachokitafuta? Nauli na chakula cha mchana ni juu yetu.

Fundi wa Kibuye

Nitakuja Jumamosi hii, asubuhi, kabla mabati hayajapata moto. Kuhusu swali la mfadhili: mvule ukiwa mzima moyoni unaweza kubeba paa jipya, lakini sitaapa mpaka niigonge kila nguzo kwa nyundo na kuisikiliza, hasa shubiri tatu za chini zilizokaa majini. Tafuta ngazi ndefu kuliko ile uliyotumia, kijana mmoja asiyeogopa popo, daftari la kurasa kubwa, na rangi ya mafuta nyeupe na brashi nyembamba ya kutia namba. Chaki usinunue, itafutika mvua ya kwanza.